Shamba Hili Lilikuwa Medani: Kazi ya Mwongoza Ziara za Vita

Mtu akifika Beaumont-Hamel, kaskazini mwa Ufaransa, bila kuelezwa lolote, ataona nyasi za kijani, kondoo wanaolisha, na ardhi iliyojaa mashimo na mikunjo ambayo majani yameshaifunika. Mbele yake kuna mteremko wa taratibu unaoshukia kwenye korongo. Ni mahali patulivu, pa kukaa na kupumua. Asubuhi ya tarehe 1 Julai 1916, siku ya kwanza ya mapigano ya Somme katika Vita vya Kwanza vya Dunia, askari wapatao 800 wa kikosi cha Newfoundland, kisiwa ambacho leo ni sehemu ya Kanada, waliushuka mteremko huo kuelekea mstari wa Wajerumani. Kesho yake majina yalipoitwa, walioitika walikuwa 68.

Kilichowaua kinajulikana: rashasha, ndani ya nusu saa hivi. Lakini rashasha zilikuwepo kila pembe ya Somme siku ile. Kwa nini hapa kikosi kizima kikatoweka kabla wengi wao hawajamwona adui kwa macho?

Mwongoza ziara anayeijua kazi yake hatalijibu swali hilo kwa maneno kwanza. Atakutembeza hadi chini, karibu na korongo, ulipokuwa mstari wa Wajerumani, kisha atakwambia ugeuke utazame ulikotoka. Kule juu, wageni wengine wanaoanza kushuka wanaonekana mmoja mmoja, kama vivuli vilivyochorwa kwenye anga. Hapo ndipo ataeleza kwamba njia za mahandaki za kwenda mbele zilikuwa zimezibwa na maiti na majeruhi wa mawimbi yaliyotangulia, kwa hiyo vijana wa Newfoundland walitokea kwenye handaki la nyuma na kutembea peupe mamia ya mita, wakibanana kwenye mianya michache ya seng'enge yao wenyewe, hata kabla ya kuufikia mstari wao wa mbele. Mpiga rashasha aliyekuwa chini hakuhitaji kuwatafuta. Aliwangoja mwanyani.

Naona tunaikosea kazi hii tunapoiita somo la historia la nje ya darasa. Darasani tarehe hutangulia. Medanini linatangulia swali la kitoto kabisa: ukiwa umesimama hapa, unaona nini, na nani anakuona?

Macho ya ndege na macho ya askari

Ramani ya vita humpa msomaji macho ya ndege. Mishale myekundu inakwenda huku, ya buluu inakuja kule, na kila kitu kinaonekana kwa mara moja. Askari hakuwa na macho hayo. Alikuwa na macho ya mtu aliyelala kifudifudi, au aliyeinama nyuma ya ukuta wa mawe, na kwake mkunjo wa ardhi wa mita mbili, ambao ramani haikujishughulisha kuuchora, ulikuwa ndio tofauti ya kuishi na kufa.

Gettysburg, Marekani, inalionyesha hili vizuri. Tarehe 3 Julai 1863, katika vita vya wenyewe kwa wenyewe vya nchi hiyo, askari wa Kusini wapatao 12,000 walivuka uwanja wa karibu kilomita moja na nusu kuelekea mizinga ya jeshi la Muungano, yaani la Kaskazini. Ukiutazama uwanja huo kwa mbali unaona tambarare tupu, na wazo la kwanza linalokujia ni kwamba kiongozi wao alikuwa amerukwa na akili. Kundi likiongozwa kuuvuka kwa miguu, mambo hubadilika. Kuna mabonde madogo ambamo wenzako wanaotembea upande mwingine hupotea kabisa, kisha huibuka tena karibu zaidi. Kuna barabara yenye uzio wa mbao iliyowalazimu watu kusimama na kuparamia, wakiwa shabaha rahisi. Ukitoka upande wa pili, mpango ule bado unauona kuwa kosa kubwa, lakini sasa ni kosa la mtu mwenye akili timamu, na hilo ni jambo zito zaidi kulitafakari.

Taabu ni kwamba ardhi haikai ilivyokuwa. Miti huota, barabara hupanuliwa, watu hujenga. Kule Gettysburg wasimamizi wa hifadhi wameamua kukata miti iliyoota baada ya vita na kurudisha nyua za zamani, ili mgeni aone kile alichokiona mpiga mzinga wa 1863. Wapo waliolalamikia miti hiyo, na malalamiko yao si ya kupuuzwa. Hata hivyo naelewa kwa nini ilikatwa: msitu uliosimama mbele ya mzinga unafanya maelezo yote kuwa hadithi ya kuamini tu.

Waterloo, Ubelgiji, kulitokea kinyume chake. Tarehe 18 Juni 1815 Wellington, jenerali wa Waingereza na washirika wao, aliwaficha askari wake wengi nyuma ya tuta refu la ardhi, ili mizinga ya Napoleon isiwaone. Bila tuta hilo huelewi kwa nini Wafaransa walipanda wakidhani mbele yao hakuna watu wa kutosha. Miaka michache baadaye ikaamuliwa kujenga mnara wa kumbukumbu: kilima cha udongo chenye urefu wa mita 40 hivi, na juu yake sanamu ya simba. Kilikamilika mwaka 1826. Udongo wake ulichotwa wapi? Kwenye tuta lilelile. Kumbukumbu ya vita ikala ushahidi wa vita. Leo wageni hupanda ngazi 226 hadi kwa simba na kupata tena macho ya ndege, mtazamo ambao hakuna askari hata mmoja aliyekuwa nao siku ile. Mwongozaji mzuri pale ana kazi ya ziada ya kuwaonyesha watu kitu ambacho hakipo.

Wakati pia ni sehemu ya ardhi, na ziara nyingi za haraka hulisahau hili. Ufuo wa Normandy, Ufaransa, ulioitwa Omaha ulivamiwa asubuhi ya tarehe 6 Juni 1944 maji yakiwa yamekupwa, ili vizuizi vya Wajerumani vionekane. Maana yake ni kwamba Wamarekani walioshuka kwenye mashua walikuwa na mamia ya mita za mchanga mtupu mbele yao, na vilima vyenye rashasha juu yake. Ukifika Omaha maji yakiwa yamejaa, mchanga huo haupo. Utaona bahari karibu na ukuta, useme mbona ni hatua chache tu. Kwa sababu hiyo waongozaji makini wa Normandy hupanga siku nzima kwa kufuata jedwali la maji kujaa na kupwa, na huwa tayari kuvuruga ratiba ya chakula cha mchana kwa ajili hiyo.

Watu walianzaje kwenda?

Haja ya kuziona medani ni ya zamani. Waterloo ilianza kupokea wageni moshi ukiwa bado haujatua, na kwa miaka mingi mmoja wa waongozaji wake maarufu alikuwa Edward Cotton, sajini meja aliyepigana palepale na kikosi cha farasi, kisha akarudi kuishi hapo, akiongoza wageni na kukusanya mabaki ya vita hadi kifo chake mwaka 1849. Majeshi nayo yakajenga desturi ya kuwapeleka maofisa kwenye medani za zamani wajifunze kuamua, wakisimama pale aliposimama jenerali na kujua kile tu alichokijua yeye wakati ule.

Lakini kilichozifanya ziara hizi kuwa kubwa ni huzuni. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, Uingereza ilikataa kurudisha nyumbani miili ya askari waliokufa. Tajiri na maskini wangezikwa karibu na walipoanguka, chini ya mawe yanayofanana. Uamuzi huo una haki ndani yake, na pia ulimwacha mama aliyefiwa bila kaburi la kuzuru isipokuwa avuke bahari. Akavuka. Kampuni ya matairi ya Michelin ilianza kutoa vitabu vya kuongoza wasafiri medanini mwaka 1917, vita vikiwa bado vinaendelea, na mwaka 1928 chama cha askari wastaafu wa Uingereza kilipeleka zaidi ya watu 10,000 kwa safari moja kwenda kuzuru Ufaransa na Ubelgiji. Hawakwenda kama watalii. Walijiita mahujaji.

Uhujaji huo haujaisha. Umehamia kwa wajukuu na vitukuu. Hadi leo sehemu kubwa ya kazi ya mwongozaji huanza na mtu mwenye jina moja kwenye karatasi.

Kutoka jina hadi mahali

Hatua ya kwanza ni kumbukumbu za Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola, iliyoanzishwa mwaka 1917. Jina likipatikana humo, huja na kikosi, tarehe ya kifo, na kaburi hadi mstari wake na namba yake. Kisha inatafutwa shajara ya kikosi, daftari ambalo ofisa mmoja alitakiwa kuliandika kila siku kueleza kikosi kiko wapi na kimefanya nini. Shajara hutaja handaki kwa jina, ramani za wakati ule zinaonyesha handaki hilo, na ramani ya zamani ikilazwa juu ya ya sasa, mwongozaji anaweza kukuleta ukingoni mwa shamba fulani na kusema: kikosi chake kilikuwa hapa.

Tafadhali angalia sentensi hiyo. Anasema kikosi chake kilikuwa hapa. Hasemi alianguka hapa. Shajara huwataja maofisa kwa majina. Askari wa kawaida huandikwa kwa idadi. Kati ya kikosi na mtu mmoja kuna mamia ya mita na saa nyingi ambazo hakuna aliyeziandika. Familia iliyosafiri mbali inatamani sana kuambiwa "ni hapa, kwenye mti huu", na mwongozaji mwenye huruma isiyo na nidhamu atawaambia. Mimi nampima mwongozaji kwa jambo hili kuliko jingine lolote. Anayeweza kusema "zaidi ya hapa nyaraka hazisemi", akasimama kimya na familia ile, ndiye anayewaheshimu wao na marehemu wao.

Na wengi hawana hata kaburi. Mnara wa Thiepval, kule Somme, una majina zaidi ya 72,000 ya watu ambao miili yao haikupatikana au haikutambuliwa. Lango la Menin mjini Ypres, Ubelgiji, lina zaidi ya 54,000, na chini yake baragumu hupigwa kila jioni saa mbili, desturi iliyoanza mwaka 1928 na kukatizwa na uvamizi wa Wajerumani katika vita vilivyofuata. Magari husimamishwa dakika hizo. Waongozaji wengi hawasemi neno pale.

Udongo wenyewe bado hautulii. Wakulima wa Ypres na Somme hulima makombora kila mwaka, wakayaweka kando ya njia yakisubiri wataalamu wa jeshi kuyachukua. Mengine yana gesi ya sumu. Hii ndiyo sababu mwongozaji atakukemea ukiokota kipande cha chuma, hata kidogo, na ndiyo sababu sehemu za misitu ya Verdun, medani nyingine ya Ufaransa ya vita hivyo, zimefungwa hadi leo. Ufaransa pia inakataza kutafuta mabaki kwa mashine ya kugundua chuma bila kibali.

Nani ana haki ya kusimulia?

Gettysburg ilikabiliana na swali hili mapema. Wageni walikuwa wakisimuliwa uongo na watu waliojiita waongozaji, hadi mwaka 1915 serikali ikaanzisha leseni. Hata sasa anayeitaka leseni hiyo hufanya mtihani mgumu wa kuandika, kisha hutembea medanini na watahini akieleza na kuulizwa. Uingereza ina chama cha waongozaji ambacho hutoa beji kwa wanachama waliopimwa wakiwa kazini. Kwingi duniani, hata hivyo, hakuna mtihani wowote, na mgeni hana budi kupima mwenyewe.

Kipimo kimoja ninachokiamini ni namna mwongozaji anavyoishughulikia hadithi tamu. Chukua Tanga. Mapema Novemba 1914 Waingereza walileta askari wapatao 8,000 kutoka India kuuteka mji huo, uliolindwa na jeshi la watu takriban 1,000 la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani. Walishindwa vibaya, wakarudi melini wakiacha rashasha, mamia ya bunduki na risasi zipatazo 600,000. Katikati ya mapigano nyuki walichokozwa na risasi, wakawashambulia watu wa pande zote mbili. Basi vita vikaitwa vita vya nyuki, na yakazuka maneno kwamba Wajerumani waliwatega nyuki hao makusudi.

Nyuki walikuwepo, na hakuna ubaya kuwataja. Ubaya ni kuwaachia hadithi yote. Mwongozaji wa kweli atakupeleka Ras Kasone, askari waliochoshwa na safari ndefu ya bahari walikoshukia, akuonyeshe umbali wa kutoka pale hadi mjini kupitia yaliyokuwa mashamba na vichaka. Kisha atakupeleka kwenye reli. Tarehe 2 Novemba meli ya kivita ya Waingereza ilitangulia kutoa onyo kwa mji, mashambulizi yakachelewa, na katika siku hizo Lettow-Vorbeck akawasafirisha askari wake kwa treni kutoka upande wa Moshi. Aliyesimama kwenye reli ile anaelewa Tanga kuliko aliyesikia habari za nyuki mara mia.

Salaita, karibu na Taveta nchini Kenya, inafundisha kitu cha aina hiyohiyo kwa namna iliyo wazi zaidi. Ni kilima kidogo kilichochomoza peke yake katika tambarare ya vichaka. Tarehe 12 Februari 1916 mizinga ya Waingereza ilikipiga kilele, kisha askari wa Afrika Kusini, wageni katika nchi hiyo, wakasonga mbele. Mahandaki halisi ya Wajerumani na askari wao Waafrika yalikuwa chini, kwenye kitako cha kilima, yamefichwa na vichaka. Shambulio likavunjika. Ukipelekwa moja kwa moja kileleni kupiga picha, utaondoka na kosa lilelile la wapiga mizinga wale.

Wasioacha alama

Hadi hapa nimeeleza ziara zinazofuata mahandaki, makaburi na shajara. Njia hiyo inafanya kazi pale palipochimbwa handaki, palipojengwa kaburi, na palipokuwa na ofisa wa kuandika. Katika vita vya Afrika Mashariki waliokufa wengi zaidi hawakuwa na lolote kati ya hayo.

Hao ni wapagazi. Nchi ilikuwa na reli chache, na wanyama wa mizigo waliuawa na mbung'o, kwa hiyo chakula, risasi na hata vipande vya mizinga vilibebwa vichwani. Upande wa Uingereza peke yake watu mamia ya maelfu waliingizwa kazini, wengi kwa nguvu. Makadirio yanayotajwa mara nyingi huweka waliokufa karibu na 100,000. Risasi iliwaua wachache. Wengi waliuawa na kuhara damu, malaria, homa ya mapafu na njaa, njiani na kambini. Jina la kikosi chao kwa Kiingereza, Carrier Corps, limebaki midomoni mwetu hadi leo: Kariakoo ya Dar es Salaam na Kariokor ya Nairobi.

Baada ya vita viongozi wa kikoloni waliona yatosha kuwajengea wao na askari Waafrika sanamu za pamoja, zisizo na majina. Zilisimamishwa Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na maandishi yake, ya Kiswahili mojawapo, yanawaita wapagazi miguu na mikono ya jeshi. Makaburi yao mengi yaliachwa yarudi porini. Mwaka 2021 ripoti iliyoagizwa na Tume ya Makaburi yenyewe ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, na huenda hadi 350,000, wengi wao watu wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Serikali ya Uingereza iliomba radhi bungeni.

Kwa hiyo mwongozaji wa Taveta au Tanga akifuata mbinu za Somme neno kwa neno, atakupeleka kwa uaminifu kabisa kwenye makaburi yaliyopo, na makaburi yaliyopo yatakusimulia vita vya Waingereza, Wajerumani, Wahindi na Makaburu. Hatakuwa amesema uongo wowote. Ila swali lile la kitoto, unaona nini na nani anakuona, halimpati mpagazi, kwa kuwa yeye hakuuawa mahali alipoonwa na adui. Medani yake ilikuwa njia. Ili kumsimulia, mwongozaji hana budi kusimamisha gari mahali ambapo hapakupigwa risasi hata moja, kati ya kambi moja na nyingine, awateremshe wageni wake juani, na aanze na uzito wa mzigo: zaidi ya kilo 20 kichwani, kutwa nzima, na kesho tena.